Sikio la Kutazamwa

Mtoto aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu alikuwa na masikio mapya. Hilo ndilo jambo la kwanza mama yake wa kambo alilomweleza Inspekta, hata kabla ya kumkaribisha kiti. Alisema masikio yalikuwa yamependeza, na kwamba angalau mtoto alikufa akiwa mzuri.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya kimya. Kazini walimwita Nukta, kwa sababu jambo akilishika haliachi mpaka aliwekee nukta. Alikatiza sebuleni akatoka roshani, na sajenti wake nyuma, mkononi ana utepe wa kupimia.

Walikuwa na siku hiyo moja tu. Kesho yake asubuhi dada wa marehemu, msichana wa miaka kumi na tisa, angepandishwa kizimbani. Mwenyewe alikwishakiri kituoni: alikuwa uani akianika nguo, akamwita mdogo wake kwa sauti, mdogo akapanda kigoda ili amwone, akaegemea chuma cha roshani, akaanguka. Mama wa kambo akaongeza ya kwake. Alisema dada mtu alikuwa na wivu. Wote wawili walirithi kwa marehemu mama yao masikio yaliyosimama kama milango iliyoachwa wazi, lakini mdogo peke yake ndiye aliyepelekwa kurekebishwa. Mkubwa aliambiwa keshachelewa. Kwa hiyo alimwita mwenzake makusudi, akijua kigoda kinayumba. Mkuu wa kituo aliposikia hayo alifunga jalada na kuagiza chai.

Jambo moja lilikuwa limemkwaza Nukta. Daktari wa mochwari aliandika kwamba mtoto aliangukia kisogo.

"Anayeinama kumtazama mtu wa chini hatangulizi kisogo," alisema.

"Labda aligeuka hewani, afande."

"Labda. Chuchumaa hapo, uwe na miaka tisa."

Sajenti alichuchumaa kando ya chuma, akanung'unika kwamba tangu awe sajenti hajapandishwa cheo hata mara moja, na leo ameshushwa mpaka utoto. Nukta alipima. Bila kigoda, chuma kingemfika mtoto kifuani. Juu ya kigoda kilimfika kiunoni. Kigoda chenyewe kilikuwa imara, miguu yote imekaa sawa sakafuni, wala hakikuyumba Sajenti alipokikanyaga kwa uzito wake wote. Hapo uongo mmoja ukawa umepatikana, ila haukutosha kumtoa mtu mahabusu.

Pembeni kulikuwa na kopo la maziwa limejaa vibanio vya nguo. Nukta alitazama juu, akatazama kuta. Roshani haikuwa na kamba. Kamba zote zilikuwa chini uani, na nguo za siku ile ya ajali bado zilining'inia pale, zimekauka mpaka zimekuwa kama mbao.

Aliuliza vibanio vinafanya nini huku juu. Mama wa kambo alisema ni uchafu wa yule mtoto, alikuwa anaviokota na kuviweka, ukimkataza hasikii. Alikuwa hasikii kabisa, mtoto yule. Mwalimu wake alilalamika, majirani walilalamika. Unamtuma chumvi, anakutazama mdomo kama unamwimbia. Shuleni walimwita Dishi kwa ajili ya masikio yake, wakimsimamisha uwanjani na kumuuliza leo ameshika stesheni gani, naye anacheka tu pamoja nao. Nukta aliandika katika karatasi yake: mtukutu, hasikii.

Alipoinua macho aliona tone la damu lililokauka kwenye ukosi wa gauni la yule mama, na plasta mbili ndogo, moja kila sikio. Alimtazama mpaka mama akajishika. Akaeleza upesi kwamba ndewe zake zilichanika zamani kwa hereni nzito, na kwamba siku aliyopelekwa mtoto naye alishonwa. Akilalia ubavu zinatoa damu. Kama hawaamini wamuulize daktari.

"Tutamuuliza," alisema Nukta. "Bandeji ya mtoto iko wapi? Mochwari hawana."

Ilikuwa bafuni, imelowekwa kwenye beseni la maji ya sabuni. Bandeji pana ya kuvutika, ya kuzungushwa kichwani. Maji yalikuwa na rangi ya waridi. Mama wa kambo alisema ilichafuka, akaifungua asubuhi ile aifue. Nukta aliikamua taratibu, akaitia katika mfuko wa nailoni, akamshukuru kwa usafi wake.

*

Kliniki ilikuwa na viti vyeupe na muziki wa chini chini. Ukutani palipangwa picha za masikio mawili mawili, ya kabla na ya baada. Waliokuwa wakisubiri walikuwa wamefungwa vichwa: mwanamume mzima mwenye suti, aliyesema anaoa mwisho wa mwezi na hataki bibi harusi acheke kanisani, na mama mmoja na mwanawe wa kiume, wote wawili wamefungwa sawasawa kama mayai mawili ya nyoka. Sajenti aliyapapasa masikio yake mwenyewe, akavaa kofia yake upesi.

Daktari alikuwa kijana, msafi, mwenye maneno laini. Habari ya ndewe za mama aliithibitisha. Kweli alizishona mwenyewe, kweli zinatoa damu zikilaliwa. Tone la ukosini likaishia hapo. Kwa bandeji alikunja uso. Hakuna mzazi anayeruhusiwa kuifungua, alisema. Mtu mzima unamchoma sindano ya ganzi, mnazungumza huku unamshona, na nyumbani anajitunza. Mtoto unamlaza usingizi kabisa, kisha unamfunga kichwa kwa kukaza zaidi, kwa sababu mtoto atajikuna. Gegedu, ule mfupa laini wa sikio, imekunjwa kwa nyuma na kushonwa kwa uzi, bado mbichi. Bandeji haifunguliwi ila na yeye mwenyewe, na siku ya mtoto ilikuwa haijafika.

Nukta akamwonyesha ripoti ya mochwari. Nyuma ya sikio la kulia nyuzi zilikuwa zimekatika, na ngozi imechanika kuelekea mbele.

"Kwa kuanguka?" aliuliza.

Daktari alisoma, akasoma tena. "Kwa kuvutwa. Mtu amekamata bandeji kwa nyuma akaivuta kwa nguvu, ikatoka na nyuzi zake." Alionekana kuumia. "Kazi ilikuwa nzuri sana, ile."

Nukta aliuliza alikuwa mtoto wa namna gani. Daktari akajibu kwamba alikuwa mtulivu, wala hakulia, ila alikuwa hasikii. Nukta akasema hilo amekwishaliandika, nyumbani wote wamesema hivyo. Alikuwa ameinuka tayari, mkono kwenye kitasa.

"Hata mimi nilishangaa wazazi hawakuniambia mapema," alisema daktari. "Nilipiga makofi nyuma ya kichwa chake, hakupepesa jicho. Nikaangusha sinia la vyuma. Yeye anatazama dirishani."

Nukta akarudi, akakaa.

"Rudia hapo, daktari. Polepole."

Akarudia. Baada ya upasuaji alimfuata baba mtu ukumbini, akamwambia, mzee, huyu mtoto hasikii. Baba akacheka. Akasema, "Unaniambia mimi? Tangu darasa la pili hasikii. Dawa yake ninayo nyumbani, kila siku anaipata."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikamwambia aendelee nayo."

Sajenti aliacha kuandika. Daktari aliwatazama mmoja mmoja, hajui amekosea wapi. Nukta alimuuliza kama hakuona vyema kuchungulia mle ndani ya masikio aliyokuwa anayashona.

"Mimi natengeneza umbo la sikio, Inspekta. Ndani ni kazi ya mtaalamu mwingine. Na baba alisema yuko kwenye dawa."

Pale pale, mbele ya daktari, Nukta aliwapigia mochwari simu akawaomba wammulike mtoto masikioni. Walisubiri katikati ya muziki wa chini chini. Jibu lilipokuja alilisikiliza mpaka mwisho, akakata simu. Alichukua karatasi yake yenye maneno mtukutu, hasikii, akafuta neno la kwanza.

*

Dada mtu aliletwa kutoka mahabusu akiwa amevaa kandambili za kuazima. Masikio yake yalisimama kama ya mdogo wake, na askari wa zamu walikuwa wamekwishampa jina. Nukta aliwafukuza mlangoni. Alichukua vibanio vitatu vya nguo akavipanga juu ya meza.

"Vilikuwa roshani. Kule hakuna kamba."

Msichana aliviangalia.

"Mdogo wako alikuwa kiziwi," alisema Nukta. "Ngoma zote mbili zilipasuka zamani, usaha ukala mpaka ndani. Wewe umekiri kwamba ulimwita kwa sauti kutoka chini akaitika. Ningependa uniambie ulimwitaje."

Msichana alikishika kibanio kimoja, akakibana kidoleni mwake na kukiacha hapo. Alisema kwa sauti ndogo kwamba akimtaka alikuwa anamrushia kibanio. Anakiokota, anakiweka koponi, anapanda kigoda, kisha wanaongea kwa mikono. Walijitungia wenyewe. Ishara ya baba ilikuwa viganja viwili vikipigwa pamoja.

"Kwa nini viganja?"

Kwa sababu ya kofi la mwanzo, alisema. Mtoto alikuwa darasa la pili, alimwaga maji juu ya picha za baba. Baba akampiga makofi mawili kwa pamoja, kulia na kushoto, kama mtu anayeua mbu. Kesho yake akawa hasikii. Yeye akaenda kusema.

"Nilimwambia, baba, mtoto hasikii. Akasema anajua, ndiyo maana anamchapa."

"Nawe hukumweleza zaidi?"

"Alisema anajua, afande. Nikadhani anamchapa kwa sababu ni kiziwi. Nikadhani anamwonea haya." Alikibana kibanio zaidi mpaka ncha ya kidole ikawa nyeupe. "Aliposema anampeleka hospitali ya masikio nilifurahi sana. Nikamwonyesha kwa mikono, utasikia. Aliporudi akanionyesha, bado. Nikamwambia asubiri bandeji itoke."

Sajenti alikohoa, akatazama dari.

Nukta alimuuliza siku ile aliona nini akiwa uani. Msichana akafunga mdomo. Kilichotoka ni kimoja tu: baba alishuka mbio, akamshika mabega, akamwambia aseme alimwita, itakuwa ajali, mambo yataishia nyumbani. Mengine hatasema, hata kesho mbele ya hakimu. Yule ni baba yake, na sasa hana mtu mwingine.

"Yeye ndiye aliyekuleta hapa," alisema Nukta.

"Najua."

Hakupata zaidi. Kukiri kwake kulikuwa kumeandikwa na kutiwa sahihi, na daktari angeweza kubanwa na wakili mpaka aseme labda mtoto alisikia kidogo. Nukta alivikusanya vibanio viwili. Cha tatu alimwachia.

*

Baba alikuwa mpiga picha, na studio yake ilikuwa imefunguliwa. Dirishani kulikuwa na maharusi, mahafali, watoto wachanga juu ya mazulia ya manyoya. Mwenyewe alikuwa ndani mbele ya kompyuta, shati jeusi limepigwa pasi vizuri, akitengeneza picha kubwa ya msiba. Aliwapa viti akasema wamsamehe, hawezi kusimamisha kazi, picha inatakiwa kesho. Kwenye kioo cha kompyuta uso wa mtoto ulikuwa umekuzwa. Ilikuwa picha ya kabla ya upasuaji, na baba alikuwa akiyabana masikio kwa kipanya, kidogo kidogo, kuyarudisha nyuma.

"Hakuwahi kupigwa picha na masikio yake mapya," alieleza. "Tulikuwa tunasubiri bandeji."

Nukta alimpa pole. Kisha akasema anaona macho ya mtoto hayatazami kamera. Yanatazama pembeni kidogo.

Baba alisonya. Alisema ndivyo alivyokuwa. Picha zote za miaka hii miwili ziko hivyo, angeweza kumwonyesha. Unamwambia tazama hapa, anatazama kule. Unamwambia cheka, hacheki mpaka dada yake acheke. Hasikii.

"Kule alikotazama kulikuwa na nani?"

"Dada yake. Alikuwa akinishikia taa."

Nukta alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za mvua. Alimwomba amsaidie, kwa ajili ya kesi ya kesho, kurudia tu yale aliyokwishayasema. Baba akarudia bila kugugumia. Alikuwa chumbani amelala. Akasikia binti mkubwa anaita kutoka uani, mara mbili. Akasikia mtoto anakimbilia roshani. Kisha kishindo.

"Mtoto alisikia akiitwa, akakimbia."

"Ndiyo."

"Una hakika alisikia."

"Afande, nimekwambia. Alikimbia."

"Mochwari wamemulika ndani," alisema Nukta. "Mtoto wako alikuwa kiziwi, masikio yote mawili, tangu darasa la pili."

Baba aliwatazama wote wawili, kisha akacheka kidogo. Kipanya kilibaki mkononi mwake.

"Kiziwi? Yule?"

"Hakuwa anasikia chochote."

"Nyie hamkuishi naye." Aligeuza kiti akawaelekea, sauti imepanda. "Kiziwi gani anakwenda shule? Alikuwa jeuri, basi. Alikuwa anasikia vizuri kuliko wewe. Usije ukanifanya mimi mtu wa kupiga viziwi. Siku ile ile nilimwita mara tatu, nimesimama nyuma yake kama alivyosimama huyo sajenti wako, na mara tatu akanipa mgongo, anachezesha mikono tu na—"

Mashine ya kuchapia picha ilikuwa ikivuma pembeni.

"Ulikuwa chumbani umelala," alisema Nukta.

Alitoa mfuko wa nailoni, akaiweka bandeji mezani kando ya kompyuta. Bado ilikuwa na unyevunyevu. Kwenye ukingo wake palining'inia uzi mweusi, mfupi kama unyusi. Nukta akamweleza uzi ule ulitoka wapi na ulielekea upande gani ulipokatika. Alisema kwa sauti ya kawaida, akimtazama usoni ili asikose neno hata moja.

Baba alitafuta pa kuweka mikono. Mwishowe aliyasema, kwa vipande, akiangalia chini. Mtoto alikuwa juu ya kigoda, amempa mgongo. Aliita. Akaita. Akaita tena. Damu ikampanda. Akamkamata kichwani kwa bandeji akamgeuza, bandeji ikamtoka mkononi, mtoto akamtazama. Hakuwa amepiga bado. Aliinua mikono tu, yote miwili, na mtoto alipoiona mikono akarudi nyuma.

Sajenti aliandika mpaka mwisho, akampa asome, akasaini. Alipofungwa pingu aliomba azime kompyuta kwanza. Nukta akamwambia aiache.

Mlangoni alisimama. "Mbona hakuna aliyeniambia?" Aliuliza kwa uchungu wa kweli, kama mtu aliyedhulumiwa. "Mtoto awe kiziwi miaka yote hiyo nyumbani kwangu, na hakuna hata mmoja wa kuniambia?"

"Mwalimu alikuambia. Daktari alikuambia. Binti yako alikuambia."

"Walisema hasikii."

"Ndiyo," alisema Nukta. "Walisema hivyo."

*

Dada mtu alitolewa kabla jua halijazama. Hakuuliza habari za baba yake, na alipoambiwa aliitikia tu kwa kichwa. Alitaka apelekwe mochwari kumvisha mdogo wake. Nukta akampeleka kwa gari lake mwenyewe, wakipitia nyumbani kuchukua nguo.

Mhudumu alikunja shuka mpaka mabegani. Alikuwa mtu wa maneno mengi, akasema ameona mengi humu ndani lakini masikio yaliyorekebishwa ni mara ya kwanza. Ukiacha ule mchaniko wa nyuma, yametulia vizuri, hata huwezi kujua. Nukta alimtazama, akatoka.

Msichana alifungua mfuko, akatoa gauni. Kisha akalishusha tena. Akanyoosha mkono, akamgusa mdogo wake begani kwanza, akangoja amtazame, kama alivyozoea.